Jitu Lenyewe Lisicheke: Jinsi Filamu za Kale za Kutisha Zilivyogeuzwa Vichekesho

Mwongozaji Mel Brooks na mwigizaji Gene Wilder walipotaka kutengeneza kichekesho chao Young Frankenstein, ugomvi wao na studio ya Columbia haukuhusu utani uliokuwa kwenye muswada. Ulihusu rangi. Miaka ya 1970 ilikuwa imeshaingia, karibu kila filamu kubwa ya Hollywood ilikuwa ya rangi, na Brooks alishikilia kwamba yake lazima iwe nyeusi na nyeupe tangu mwanzo hadi mwisho. Columbia hawakutaka kusikia. Brooks na Wilder wakachukua muswada wao wakaenda nao 20th Century Fox, wakapokelewa, na filamu ikatoka Desemba 1974.

Kwa nini mchekeshaji agombane mpaka ahame studio kwa ajili ya jambo kama hilo? Mtu akiteleza kwenye matope anachekesha, picha iwe na rangi au isiwe nayo. Lakini filamu zinazochukua majitu ya sinema za zamani na kuyageuza vichekesho hazitegemei mtu kuteleza. Zinategemea kumbukumbu. Mtazamaji awe na picha fulani kichwani, picha iliyowahi kumtisha, kisha aione tena vilevile ilivyokuwa, ila kitu kimoja kimesogezwa kidogo. Kama picha ya pili haifanani na ya kwanza, mtazamaji hataona kilichosogea, na hatakuwa na cha kucheka.

Nimezitazama filamu hizi miaka mingi, na kadiri ninavyozirudia ndivyo ninavyozidi kuamini jambo moja. Zilizodumu ni zile ambazo watengenezaji wake hawakulidharau jitu. Watu wanaolizunguka wanaweza kujikwaa, kupiga mayowe, kujibu ovyo; jitu lenyewe huachwa na huzuni yake na hatari yake. Zilizosahaulika, mara nyingi, ni zile zilizolivisha jitu kofia ya mchekeshaji.

Deni la mwaka 1931

Ili tuelewe kinachochekwa, tuanze na kilichotisha. Februari 1931 studio ya Universal ilitoa Dracula, iliyoongozwa na Tod Browning, Bela Lugosi akiwa ndiye mnyonya damu. Novemba mwaka uleule ikafuata Frankenstein ya James Whale, na Boris Karloff akawa lile jitu lililounganishwa kwa viungo vya maiti. (Tukumbushane: Frankenstein ni jina la mwanasayansi. Jitu halikupewa jina.) Kwenye orodha ya waigizaji mwanzoni mwa filamu, mahali pa jina la Karloff pamewekwa alama ya kuuliza. Universal walitaka watu wakae ukumbini bila kujua ni nani aliye nyuma ya ile sura.

Sura hiyo ilikuwa kazi ya Jack Pierce, fundi wa vipodozi wa studio, na inafaa kuitazama kwa karibu kwa sababu kila kitu ndani yake kina sababu. Pierce alifikiri kama daktari mpasuaji. Ikiwa fuvu limefunguliwa kwa juu ili ubongo uingizwe, basi utosi utakuwa bapa na paji la uso litabaki na kovu la mshono. Ikiwa mwili umeamshwa kwa umeme, lazima pawe na mahali pa umeme kuingilia, ndiyo maana vile vyuma viwili vikachomoza shingoni. Karloff alikuwa akikaa kitini kwa saa kadhaa kila siku ya kazi kabla hajafika mbele ya kamera. Mitambo ya maabara, ile inayorusha cheche na kutoa mlio wa umeme unaopasuka, iliundwa na fundi aitwaye Kenneth Strickfaden. Ongeza msaidizi mwenye kibiongo, Fritz, anayedondosha chupa yenye ubongo mzima na kuchukua ule wa mhalifu. Ongeza wanakijiji wenye mienge wanaopanda mlima usiku. Kwa dakika 70 hivi, Whale alikuwa ameshaweka mezani karibu kila kitu ambacho wachekeshaji wangekitumia kwa zaidi ya miaka 40 iliyofuata.

Naye Whale mwenyewe hakuwa mgeni wa utani. Katika Bride of Frankenstein ya mwaka 1935, Daktari Pretorius, aliyeigizwa na Ernest Thesiger, anafunua chupa zake na kuonyesha watu wadogo aliowaumba. Mmoja ni mfalme mwenye tamaa, kila mara anapanda atoke chupani mwake amfuate malkia kwenye chupa nyingine. Baadaye tunamkuta Pretorius kaburini usiku, amepanga chakula juu ya jeneza, ana fuvu mbele yake, anakula na kucheka peke yake. Onyesho hilo linachekesha na linatia ubaridi wa uti wa mgongo kwa pamoja, wala haliwezi kugawanywa.

Tena si Whale aliyeanza. Mary Shelley alichapisha Frankenstein, riwaya yake iliyolizaa jitu, mwaka 1818. Mwaka 1823 Richard Brinsley Peake aliipeleka jukwaani jijini London, na Shelley mwenyewe akaenda kuitazama. Ni tamthilia hiyo iliyomleta Fritz, ambaye riwayani hayumo kabisa, akiwa mtumishi wa kuchekesha. Kabla mwaka haujaisha, kumbi nyingine za London zilikuwa zimeshaweka jukwaani vichekesho vya kuidhihaki tamthilia hiyo. Kwa hiyo anayelalamika kwamba wachekeshaji wa Hollywood walilivunjia jitu heshima aangalie tarehe. Kicheko na jitu vimekuwa pamoja tangu lilipopanda jukwaani kwa mara ya kwanza.

Hofu inavyochakaa

Universal hawakuweza kuliacha jitu lipumzike. Karloff aliliigiza mara tatu, ya mwisho ikiwa Son of Frankenstein ya 1939. Mwaka 1942 zamu ikawa ya Lon Chaney Jr., mwaka 1943 ya Lugosi, na kuanzia 1944 ya Glenn Strange. Hadithi zilipoanza kukauka, studio ikaanza kuyakusanya majitu chini ya paa moja. House of Frankenstein ya 1944 ina Dracula, mtu anayegeuka mbwamwitu na jitu la Frankenstein, wote katika filamu moja. House of Dracula ya 1945 ikarudia mchezo uleule.

Hapo ndipo hofu inapochakaa, na sababu yake ni rahisi kuieleza. Tunaogopa kwa sababu hatujui mlango ukifunguka kutatokea nini. Mara ya kwanza jeneza linafunguka polepole na vidole vinatokeza, moyo unadunda. Mara ya kumi unajua vidole ni vya nani, unajua atasimama vipi, unajua hata muziki utapanda wapi. Kilichobaki ni ule mpangilio: kungoja, kimya, mlio, mkono. Mpangilio huo ni mali ya mchekeshaji vilevile. Naye anamfanya mtazamaji angoje, anamnyima kidogo, kisha anaachia. Tofauti yao ni kile kinachotokea anapoachia. Ndiyo maana watu wakitoka kwenye mshtuko mkubwa ukumbini hucheka bila hata kutaniwa. Mwili ulishajikaza, lazima ulegee kwa njia fulani.

Kufikia 1948, basi, Universal walikuwa na majitu yaliyojulikana na kila mtoto, na walikuwa na wachekeshaji wawili, Bud Abbott na Lou Costello. Wakawaweka pamoja.

Ubongo wa Wilbur

Abbott and Costello Meet Frankenstein, iliyoongozwa na Charles Barton, inaanza na wapokeaji wawili wa mizigo kwenye stesheni ya reli huko Florida. Chick (Abbott) ni yule mwembamba anayejiona mjanja. Wilbur (Costello) ni yule mnene mwoga. Yanaingia makasha mawili ya kwenda kwenye jumba la maonyesho ya kutisha: moja lina Dracula, jingine lina jitu la Frankenstein. Simu inalia kutoka London. Ni Larry Talbot, mtu-mbwamwitu, anaonya kwamba makasha yasifunguliwe. Akiwa katikati ya maneno, mwezi mpevu unatokea dirishani, anageuka, na simu inajaa mngurumo. Wilbur anamkaripia kwa kumpigia simu kutoka mbali kote huko ili mbwa wake azungumze.

Ukiitazama simu hiyo vizuri utaona filamu nzima ilivyojengwa. Chumbani London hakuna mzaha. Chaney, aliyemwigiza Talbot tangu 1941, anateseka kama alivyoteseka siku zote, jasho usoni, anabomoa samani. Mzaha uko upande wa pili wa waya. Waigizaji wako wawili, na kila mmoja yuko kwenye filamu yake.

Onyesho la mshumaa ni hilohilo kwa kirefu. Wilbur yuko peke yake kwenye jumba la maonyesho, anasoma maandishi yanayoeleza habari za Dracula. Nyuma yake, juu ya jeneza, pamekaa mshumaa. Kifuniko kinaanza kuinuka, mshumaa unateleza. Wilbur anaona, anajaribu kuita, sauti haitoki. Mdomo unapanuka, pumzi inakatika, hakuna neno. Hatimaye Chick anakuja mbio, na wakati huo mshumaa umetulia kabisa. Chick anamgombeza, anaondoka. Kifuniko kinainuka tena. Barton anairudia hali hiyo mara kadhaa na kila mara inachekesha zaidi, kwa sababu kila kinachomhusu Dracula kinafanywa kama ambavyo kingefanywa mwaka 1931. Mkono wa Lugosi unatoka kwenye jeneza kwa madaha yaleyale. Ungemwondoa Costello kwenye picha, ungebaki na filamu ya kutisha isiyo na dosari.

Hata shina la hadithi ni la kutisha. Dracula anataka kulipa jitu ubongo mpya, ubongo usio na ukaidi, usiojiuliza, utakaomtii bila kinyongo. Amepata unaofaa: wa Wilbur. Napenda sana ujanja huu wa waandishi. Ujinga wa mchekeshaji, ambao kwenye filamu nyingine ungekuwa wa kuchekesha basi, hapa ndio unaomtia hatarini. Upasuaji ungefanyika kweli.

Chaney baadaye alilalamika kwamba Abbott na Costello waliyamaliza majitu kwa kuyafanya vikaragosi. Namheshimu kwa uchungu wake, kwani Talbot alikuwa mtoto wake wa kisanaa, lakini filamu yenyewe inamkatalia. Mwishoni Talbot, akiwa ameshageuka, anamdaka Dracula aliyejifanya popo na kutumbukia naye baharini. Ndicho kifo alichokuwa akikitafuta kwa miaka, na anakufa akiwaokoa wengine. Hakuna anayecheka hapo. Ni baada ya hapo tu, wenzetu wawili wakiwa kwenye mashua wakidhani yameisha, ndipo inasikika sauti ya Mtu Asiyeonekana, sauti ya Vincent Price, nao wanajirusha majini. Mwaka 2001 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza filamu hii kwenye orodha ya kitaifa ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa.

Waliokulia Tanzania bara wamewahi kuona watani wakifika msibani. Mtani anaweza kumwiga marehemu alivyotembea, alivyokohoa, alivyodai madeni, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Mpita njia akifanya hivyo atatolewa kwa bakora. Mtani ana haki hiyo kwa kuwa ni wa hapo, anamjua marehemu, na kesho ataamka kuchimba kaburi. Filamu hizi hufuata desturi hiyohiyo. Kabla hujaliiga jitu lazima ujulikane kwamba ulilipenda.

Televisheni ya usiku

Baina ya 1948 na 1974 kuna jambo ambalo mara nyingi husahauliwa linapoelezwa chimbuko la Young Frankenstein, nalo ni kwamba majitu yalirudi kupitia televisheni. Mwaka 1957 furushi la filamu 52 za zamani za Universal liliuzwa kwa vituo vya televisheni nchini Marekani kwa jina la Shock Theater. Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa 1931 wakaanza kumwona Karloff sebuleni usiku wa manane. Mwaka 1964 ukaanza mfululizo wa The Munsters, ambamo baba mwenye nyumba ana utosi bapa na vyuma shingoni. Universal ndio waliomiliki ile sura ya Pierce, na mfululizo ulikuwa wao, kwa hiyo waliitumia bila wasiwasi. Studio ya Hammer ya Uingereza haikuwa na bahati hiyo. Walipotoa Frankenstein yao ya rangi mwaka 1957 ilibidi walibunie jitu sura nyingine kabisa.

Kwa hiyo mtazamaji wa 1974 aliyajua majitu kwa namna mbili. Wazee kama Brooks, aliyezaliwa 1926, waliyaona utotoni kwenye kumbi za sinema. Vijana waliyaona kwenye kioo kidogo nyumbani. Wote wawili walikuwa nayo kichwani bila rangi. Ugomvi na Columbia ulikuwa juu ya hilo. Jitu la rangi lingekuwa jitu la mtu mwingine.

Maabara ileile

Wazo la Young Frankenstein lilikuwa la Wilder, na muswada waliuandika pamoja na Brooks. Frederick Frankenstein, mjukuu wa yule mwanasayansi, anafundisha udaktari Marekani na anaionea aibu familia yake kiasi cha kulitamka jina lake kwa namna nyingine ili asihusishwe nayo. Mwanafunzi anamchokoza darasani kuhusu babu yake. Kwa hasira, huku akisema yote hayo ni upuuzi, Frederick anajichoma pajani kwa kisu cha upasuaji, anakaa kimya, anapandisha mguu juu ya mguu, anatangaza kipindi kimekwisha. Kisha anarithi kasri huko Transylvania, na damu inamrudisha kwenye kazi ya babu.

Maabara ya kasri hilo haikuigwa. Strickfaden alikuwa hai na mitambo yake ya 1931 alikuwa bado anayo. Brooks akaiazima, na jina la fundi likawekwa kwenye filamu. Kwa hiyo zile cheche unazoziona 1974 zinatoka kwenye vyuma vilevile. Mpiga picha Gerald Hirschfeld akaangaza kuta kama zilivyoangazwa zamani, vivuli virefu, nyuso nusu gizani. Maonyesho yanaunganishwa kwa mbinu za zamani, picha ikififia au ikijifunga kwa duara. John Morris akaandika muziki wa fidla wa huzuni, na hakuna utani ndani yake hata kidogo. Ukiusikia bila kuona picha utadhani ni filamu ya mapenzi iliyokwisha vibaya.

Baada ya kujenga hayo yote kwa uaminifu, ndipo walipoanza kusogeza. Mahali pa vyuma vya shingoni vya Pierce pana zipu. Nundu ya Igor, aliyeigizwa na Marty Feldman, inahama kutoka bega moja hadi jingine bila mtu kuieleza. Kila jina la Frau Blücher, mtunza kasri, linapotajwa, farasi wanalia kwa hofu, hata kama wako nje na mtajaji yuko ndani kabisa. Filamu za zamani zilitumia ngurumo na milio ya wanyama kumwambia mtazamaji hapa uogope. Brooks anaacha mlio uendelee mpaka uone kamba inayouvuta. Inspekta Kemp mwenye mkono wa bandia ametoka moja kwa moja kwenye Son of Frankenstein, ambamo Lionel Atwill alikuwa inspekta aliyeng'olewa mkono na jitu utotoni. Hata mchezo wa kurusha vishale, huku inspekta akivihifadhi vishale vyake kwa kuvichoma kwenye mkono ule wa mti, umo kwenye filamu ya 1939, na pale haukuwa mzaha.

Lakini nataka tukae kidogo kwa kipofu.

Katika Bride of Frankenstein, jitu limejeruhiwa, linakimbizwa msituni, linasikia fidla. Ndani ya kibanda yumo mzee kipofu anayeishi peke yake. Hawezi kuona sura, kwa hiyo haogopi. Anampa mgeni supu, mkate, divai na sigara, anamfundisha maneno machache, anapiga magoti kumshukuru Mungu kwa kumletea rafiki, na jitu linatoa chozi. Ni onyesho la upole kuliko yote katika filamu zile, na linaisha wawindaji wanapoingia na kila kitu kuteketea.

Brooks na Wilder walilichukua lote. Kipofu ni Gene Hackman, ambaye alikuwa ameshashinda Oscar, akiwa amefichwa na ndevu na jina lake halikutangazwa. Watazamaji wengi hawakumtambua. Anaomba Mungu ampe mgeni, mgeni anaingia, naye anajawa na furaha. Anachota supu ya moto, anainua upawa, anaumimina wote mapajani mwa jitu. Mara ya pili vilevile. Anamimina divai, anapendekeza wagonganishe vikombe kwa heshima ya urafiki, anagonga kwa nguvu mpaka kikombe cha mgeni kinapasuka kabla hakijafika mdomoni. Anatoa sigara, anatafuta ncha yake kwa moto, na anachowasha ni kidole gumba cha jitu. Jitu linanguruma, linavunja mlango, linakimbia, na mzee anatoka nyuma yake akisikitika kwamba alikuwa anataka kumtengenezea kahawa.

Peter Boyle, aliyeigiza jitu, hafanyi chochote cha kuchekesha hapo. Tazama macho yake kila supu inapokuja. Yana njaa, yana matumaini, halafu yana uvumilivu wa mgeni asiyetaka kumuudhi mwenyeji, halafu maumivu. Ni macho ya Karloff. Hackman naye hafanyi mzaha. Anatoa ukarimu wa kweli kwa mikono isiyoona. Wema upo, mgeni yupo, kinachokosekana ni kipimo cha sentimita chache kati ya upawa na bakuli. Tunacheka, na bado tunaumia kwa ajili ya wote wawili.

Onyesho la mtoto ni gumu zaidi. Katika filamu ya 1931 jitu linacheza na mtoto wa kike, Maria, wakirusha maua ziwani ili yaelee. Maua yanapokwisha, jitu, likidhani mtoto naye ataelea, linamtupa majini na anakufa. Wakaguzi walilikata onyesho hilo na halikurudishwa hadi miaka ya 1980. Mwaka 1974 mtoto anadondosha maua kisimani, yanakwisha, anauliza sasa tutupe nini. Boyle anageuza uso polepole na kutazama kamera. Hapo kila aliyeijua hadithi ya Maria anazuia pumzi. Kinachofuata ni pembea ya ubao: jitu linakalia upande mmoja, mtoto anarushwa hewani, anapita dirishani na kutua kitandani kwake salama. Katika sekunde hizo chache filamu imekuonyesha kwamba inakumbuka kifo kile, na imemwokoa mtoto.

Si kila kitu walikubaliana. Wilder alitaka Frederick na jitu wapande jukwaani wakiwa wamevaa suti za mikia na kofia ndefu, wacheze na kuimba Puttin' on the Ritz mbele ya wanasayansi. Brooks aliona ni kupita kiasi, kwamba kutaivunja ile heshima waliyoijenga. Walibishana kwelikweli kabla Brooks hajakubali. Mimi naona Wilder alikuwa sahihi, kwa sababu ya taa inayopasuka jukwaani. Jitu linaogopa moto. Taa inalipuka, linasimama, linatetemeka, na ukumbi uliokuwa ukipiga makofi unaanza kulirushia mboga. Wimbo ni wa kuchekesha. Kuzomewa si kwa kuchekesha.

Miaka 21 baadaye Brooks alijaribu tena, safari hii na Dracula: Dead and Loving It, Leslie Nielsen akiwa mnyonya damu. Mistari ya 1931 imo, mavazi yamo. Ila Dracula ndiye anayeteleza kwenye ngazi. Hakuna tena wa kuogopwa ndani ya nyumba, na wenzake hawana cha kukikimbia. Linganisha na What We Do in the Shadows ya mwaka 2014 kutoka New Zealand, iliyotengenezwa na Jemaine Clement na Taika Waititi. Wanyonya damu wanaishi pamoja jijini Wellington na wanagombana juu ya vyombo vichafu ambavyo mmoja wao hajaviosha kwa miaka. Wao wenyewe wanajiona watukufu kama Lugosi, na wanaua watu kweli. Ndiyo maana sinki lao linachekesha.

Sauti iliyorudishwa

Katika riwaya ya Shelley jitu linazungumza vizuri kuliko wote. Linasoma vitabu, linajenga hoja, linamweleza muumba wake kwa kirefu kwamba ubaya wake ulianza siku alipolikimbia. Filamu ya 1931 ikaliondolea ulimi. Mwaka 1935 likapewa maneno machache ya mtoto, na katika Son of Frankenstein Universal wakalinyamazisha tena.

Katika Young Frankenstein, Frederick anaingia chumba lilimofungwa jitu, anaamuru mlango usifunguliwe hata akilia, na jitu linapoamka anaogopa, anagonga mlango, anaomba atolewe. Hawamfungulii. Basi anageuka, anaanza kulisifu: kwamba ni zuri, kwamba watu wanalichukia kwa wivu. Jitu linalia. Anakaa nalo, analikumbatia kichwa kifuani kama mama. Ni jambo ambalo Victor, muumba wa jitu katika riwaya, hakulifanya hata mara moja. Na ni hapo, kwa mara ya kwanza katika filamu nzima, ambapo Frederick analikubali jina la Frankenstein kuwa lake na kulitamka kama babu zake walivyolitamka.

Baadaye analigawia sehemu ya akili yake mwenyewe, jambo linaloweza kumuua, na wanakijiji wanapovamia maabara ili walimalize, jitu linasimama na kuwahutubia kwa sauti tulivu ya msomi. Linasema watu walitazama uso wake na mwili wake wakakimbia. Na kwa upweke wake likaamua kwamba kama haliwezi kuamsha upendo, ambao ndio tumaini lake kubwa, basi litaleta hofu. Nusu ya pili ya maneno hayo imetoka kwenye riwaya ya 1818, karibu neno kwa neno, pale jitu linapomsihi Victor mlimani. Filamu zote za Universal zilizokuja kututisha ziliyaacha kitabuni. Ni wachekeshaji wawili walioyarudisha kinywani mwa mwenyewe.